Marisau Tisa, Naapa

Usiku wa jana niliota bunduki yangu imeita watu kwenye usaili.

Lakini ndoto haitoki hewani, kwa hiyo nianze na lililotangulia. Wiki mbili zilizopita walivunja kwa jirani yetu Chilumba, wakamfunga kamba yeye na mkewe, wakaondoka na redio na godoro. Tangu siku hiyo mke wangu, Mama Enea, usingizi anausikia kwa wenzake. Bunduki ninayo, ya mtutu mmoja, na kibali chake ninacho. Ugomvi ulikuwa juu ya kitu cha kuweka ndani. Yeye anataka zile risasi nyekundu za kiwandani, zilizo kwenye boksi lao juu ya kabati. Mimi ninayo moja niliyoijaza kwa mkono wangu: ganda kuukuu, baruti, marisau, yaani zile gololi zinazoruka, na mdomoni nimeziba kwa nta. Zilikuwa saba. Sita nimezimaliza kwa nguruwe pori shambani, na zote zilifanya kazi, ukiacha moja iliyochelewa kidogo.

"Ilichelewa mpaka nguruwe akamaliza tuta zima la mihogo, akashushia na maji," Mama Enea alisema jana tukiwa mezani. "Baba Enea, sitaki kubishana. Asubuhi nikikuta hiyo takataka yako imo ndani ya bunduki, nakwenda kwa dada yangu Nachingwea. Na usinitumie wazee."

"Mama Enea, ile nimeipima mwenyewe. Marisau tisa, naapa."

"Kuapa kwako! Si uliapa pia kwamba dobi ndiye aliyepoteza kitufe cha koti langu la kwaya?"

Kweli, niliapa. Ni koti la kijani, vitufe sita vya shaba, na tangu Pasaka anaimba na vitano na pini. Dobi hatusalimii tena. Nikaenda kulala nimenuna, na risasi yangu nikaiacha ndani ya bunduki.

Basi ndotoni ni saa nne asubuhi na bunduki imekaa sebuleni kwenye kiti changu. Imejikunja katikati, kama inavyokunjwa wakati wa kujazwa, na imevaa miwani yangu.

"Nafasi ni moja," inasema. "Waombaji ni wawili. Aingie wa kwanza."

Inaingia nyekundu, kitako chake cha shaba kinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Jina?"

"Sisi ni ishirini na tano."

"Namwona mmoja."

"Ukimwona mmoja umetuona wote." Na walio ndani ya boksi, juu ya kabati, wanaitikia: "Wote."

"Mnajua kufanya nini?"

"Tulichoandikiwa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tulichoandikiwa."

"Mwenye nyumba mnamjua?"

"Hatumjui. Haitakiwi."

Inaingia ya kwangu, peku, nta kichwani kama kofia ya baraghashia. "Shikamoo, bunduki. Mimi nimeshaua tembo."

"Lini?"

"Bado."

Ninaikonyeza iache. Inanigeukia bila haya. "Baba, si umenijaza wewe?"

Hapo hodi inapigwa. Anaingia mwizi, kijana mtanashati, mlango wetu kaukumbatia kwapani, mkono wa pili una panga, na begani ana kamba. Kamba ni ile ile ya kwa Chilumba, naitambua kwa fundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nimekuja kuvunja. Mlango tayari, sijui niuegemeze wapi."

Ninamwonyesha ukutani. Anauegemeza vizuri, anafuta vumbi. "Nimewakatiza?"

"Tuko kwenye usaili."

"Mimi naweza kusubiri, mzee wangu. Ila hili panga lina haraka."

Kweli linamvuta. Linamburura kuelekea jikoni, ambako namsikia Mama Enea akichambua mchele na kuimba sauti ya pili. Mwizi anajitahidi kulizuia kwa visigino, lakini panga ni panga. Bunduki inavua miwani, inaniambia, "Chagua. Utakayoitoa ndiyo utakayoijibia."

Ninachagua ya kwangu. Damu ni damu.

Ninafyatua. Kimya.

"Subiri," inasema ndani ya mtutu. "Nafunga kamba za viatu."

"Wewe huna viatu!"

"Ndiyo maana inachukua muda."

Panga limeshafika mlangoni pa jiko. Kamba nayo imeanza kujinyoosha yenyewe, inapima viwiko vya mke wangu kwa mbali. Ninasema maneno ambayo hayaandikiki. Ndipo inalia, paa! Mwizi anasimama, anajitazama kifuani, anaona tundu. Na mimi naliona. Kupitia kwake naisoma kalenda ya ukutani, ni Alhamisi. Panga linaanguka sakafuni na kuanza kukoroma.

"Nimepatikana," mwizi anasema. "Haya, mzee, twende."

Tunainuka vitini, na viti tayari viko ndani ya bohari la korosho ambako nilikuwa karani wa mizani kwa miaka thelathini na moja. Magunia yamekaa safu kwa safu kama watu waliokuja kusikiliza kesi. Mbele, kwenye nafasi ya hakimu, iko mizani yangu ya zamani, ile ya chuma yenye sahani pana. Haijanenepa wala kukonda.

"Karani Nanjota," inasema, "ondoa mguu kwenye sahani."

"Sijaikanyaga."

"Ondoa."

Ninauondoa.

Mwizi anapewa nafasi ya kwanza. Anafunga kifungo cha shati juu ya lile tundu, kwa heshima. "Mheshimiwa, silalamiki kupigwa. Mlango nimeuvunja mwenyewe, panga nimekuja nalo mwenyewe, na mzee ana mke. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: nimepigwa na nini?"

Magunia yananong'ona kwamba ameuliza vizuri.

"Angekupiga na nyekundu," mizani inasema, "ningemwita ndugu yake, ningempasua, tukaona kilichomo, kesi ikaisha kabla uji haujapoa."

Nyekundu mmoja anasogea bila kuitwa, anafungua koti, anaweka vitu vyake mezani. Marisau tisa, yote sawasawa. "Tisa," wanaitikia ishirini na nne waliobaki, wakiwa kwenye boksi.

"Nawe, karani. Ndugu za risasi yako wako wapi?"

"Wako ndani ya nguruwe."

"Nguruwe wako wapi?"

"Tuliwala."

"Uliandika popote ulichoweka?"

"Niliandika kichwani."

"Kilete."

Kichwa changu kinaletwa. Kinawekwa kwenye sahani, nami nabaki nimesimama pembeni bila hicho, nikijitazama kwa macho yaliyo kule. Mizani inakifunua kama daftari, inasoma kwa sauti: "'Baruti: kiasi chake. Marisau: yalivyokuwepo.'" Inakirudisha. Wamekiweka kimegeukia nyuma kidogo, lakini sikutaka kuleta maneno.

"Basi limebaki neno lako," mizani inasema. "Sema ulichoweka, tulipime."

Ninapanda mbele. Ninavuta pumzi. "Marisau tisa, naapa."

Maneno yananitoka mdomoni yakiwa maganda ya korosho, matupu, yanaanguka kwenye sahani. Mshale wa mizani haujatikisika. Ninarudia kwa sauti kubwa zaidi, yanatoka maganda makubwa zaidi. Mshale umelala.

"Miaka thelathini na moja nimekusikiliza," mizani inasema, na wala haina hasira. "Chatu aliyemeza baiskeli. Mwaka iliponyesha mvua ya dagaa. Ulinifurahisha sana, bohari lilikuwa na upweke. Lakini leo kuna mtu ana tundu."

"Nipo," mwizi anasema.

"Naomba kusema," inadakia risasi yangu, ambayo nilidhani imekwisha. Kumbe imekaa kwenye gunia, ganda tupu, inapepea kwa ile nta. "Yalikuwa manane. Na kitufe."

"Kitufe gani?"

"Cha shaba. Cha koti la kwaya."

"Huo ni uzushi!" ninapiga kelele. "Mheshimiwa, risasi hii ni mwongo, mji mzima unaijua!"

"Nani aliijaza?"

Hapo nikaona heri nitazame dari.

"Haya," mizani inasema. "Aje mtu mmoja tu anayemwamini karani. Mmoja anatosha."

Anaingia Mama Enea na koti lake la kijani, vitufe vitano na pini, kwaya nzima nyuma yake ikivumisha sauti bila maneno. Mkononi ana mkoba wa safari. Mlangoni mwa bohari kuna basi la Nachingwea, injini inanguruma.

"Mama, mumeo akisema yalikuwa tisa, unamwamini?"

Ananitazama. Ananitazama muda mrefu, kama anavyoutazama mchele kabla ya kusema una mawe.

"Alinichumbia kwa baiskeli tatu," anasema. "Nilipofika nyumbani kwake nikakuta gurudumu."

Magunia yanaangua kicheko mpaka mawili yanapasuka.

"Lakini unamwamini?"

"Ningependa sana," Mama Enea anasema.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenitukana ningejua pa kushika.

Mizani inatoa hukumu. "Nyumba ni yako, mke ni wako, na panga lilikuwa linakwenda. Haki ya kujitetea unayo. Ila hakuna ajuaye ulijitetea kwa kitu gani, na wewe ndiye wa mwisho kuulizwa. Utakaa ndani mpaka apatikane wa kukuamini."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya risasi hiyo hiyo."

Mwizi ananisaidia kuingia, ananishika kiwiko nisijikwae. "Pole, mzee wangu. Mimi niandikwe nimekufa kwa nini?"

"Andika: kwa kiasi chake," mizani inasema, na mwizi anatikisa kichwa, hajaridhika.

Nta inamwagwa juu yangu. Giza. Harufu ya baruti. Nje nasikia basi linatia gia. Ninapapasa nijue nimefungwa na akina nani. Mmoja, wa mviringo, wa baridi. Wa pili. Wa tatu. Ninahesabu kwa vidole, taratibu, kama sijawahi kuhesabu kitu maishani. Wa saba. Wa nane. Wa tisa ni bapa. Ana matundu manne, na uzi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mkoba wa Mama Enea ulikuwa mlangoni, umefungwa zipu. Yeye mwenyewe jikoni, anachambua mchele. Nikaenda kwenye bunduki pekupeku, nikaikunja, nikatoa risasi yangu, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga.

Pembeni mwa nta, ilipokutana na ganda, ulikuwa umechomoza uzi. Mfupi, kama ndevu ya mtama. Wa kijani.

Ndipo nikaikumbuka siku ile. Nilipungukiwa risau moja. Koti lilikuwa kwenye mgongo wa kiti likisubiri kupelekwa kwa dobi, na kitufe kilikuwa kinaning'inia chenyewe. Mimi nilikisaidia tu. Baada ya hapo nikasema tisa, na nikalisema mpaka likawa tisa.

Nikaenda jikoni. Nilikuwa nimeamua.

"Mama Enea. Kitufe chako kimo humu, ndani ya risasi. Nilikiweka mimi. Dobi hana kosa."

Hakuinua uso kwenye ungo. "Na zile baiskeli tatu, nazo zimo?"

"Nakwambia kweli."

"Haya. Na dagaa wa mvua?"

"Tazama uzi huu!"

"Baba Enea, nina mchele hapa."

Nikabaki nimesimama na kweli yangu mkononi, ya kwanza tangu Pasaka, haina pa kupimwa. Nikarudi sebuleni. Ile ya kwangu nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, ilainike, nimtoe mfungwa nimpeleke kwa dobi kwanza, maana yeye ndiye ninayepaswa kumwomba msamaha. Nikashusha boksi kutoka juu ya kabati, nikachukua nyekundu moja, nikaiweka. Iliingia bila kunisalimia.

Mama Enea alisikia mlio wa bunduki ikifungwa. Akaja, akajifuta mikono kwenye kanga, akaikunja tena mwenyewe, akachungulia. Ndipo akaubeba mkoba wake kuurudisha chumbani.

Uzi ninao mpaka sasa, nimeuweka kwenye kibiriti. Asiyeamini na aje nimwonyeshe, ila asiniulize urefu wake.