Soksi ya Mtoto wa Darajani

Shumpei alikuwa na miaka thelathini na miwili, kazi ya heshima, na nywele zilizoanza kumkimbia utosini. Lakini siku gemu ya Mlima wa Taa ilipotoka upya alisingizia tumbo kazini, akapanda treni kutoka Osaka mpaka mtaa wa Fushimi kwa mama yake, Fusae, boksi kalikumbatia kifuani kama kabeba mtoto mchanga.

"Nimekuja kuichezea hapa hapa nilipoanzia," alisema mlangoni akivua viatu. "Kama wameiharibu, Mama, nitalia."

"Lia tu, mwanangu. Wali upo," Fusae akamjibu.

Alijibu kwa mzaha, lakini moyoni hapakuwa na mzaha hata chembe. Tangu kampuni itangaze kwamba Mlima wa Taa inatengenezwa upya, na picha safi, na sauti za watu, na mvua inayolowesha nguo, Fusae alikuwa akiomba jambo moja tu: wamfute yule mtoto wa darajani. Wamwondoe kabisa. Maana wakimwacha watampa uso, na uso wenyewe utakuwa wa mwanasesere, macho kama visahani, na yeye hataweza kuutazama.

Wachezaji wote walimjua mtoto huyo. Katika gemu ya zamani kijana mbeba taa anamkuta amesimama penye daraja bovu. Ukimsemesha anasema, "Dada yangu anakuja." Basi. Mvua inaanza, unakwenda zako, na ukirudi hayupo. Watu wazima wenye ndevu walimlilia mtoto yule. Wasichokijua ni kwamba alikuwa na jina, na jina lake Mitsuyo, na huyo dada aliyekuwa anakuja ni Fusae.

Ilikuwa mwaka 1973. Fusae ana kumi na mmoja, mdogo wake ana saba. Mama yao, Kinue, alisema, "Mwangalie mwenzio." Fusae akamwambia Mitsuyo, "Nisubiri hapa darajani, nakuja," akakimbilia dukani kununua barafu yenye sharubati. Milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mto haukupiga hodi. Alirudi na barafu mbili mikononi, darajani hakuna mtu.

Kinue hakumpiga. Hakumgombeza hata kwa neno moja, na afadhali angempiga. Alichoma picha zote za mtoto, na toka siku ile hakulitaja jina lake tena. Kwenye kikabati cha marehemu kulibaki kibao kilichoandikwa jina la kifo, lile ambalo mtawa humpa maiti, na jina la kifo halimwambii mtu lolote. Shumpei alikiwashia vijiti vya udi tangu utotoni akidhani ni cha babu fulani wa kale.

Picha moja ilinusurika, kwa sababu Fusae aliiiba. Mwaka 1990, alipokuwa mchoraji kule kwenye kampuni iliyotengeneza gemu hiyo, aliibandika nyuma ya karatasi ya miraba, na upande wa mbele akamchora mdogo wake kwa penseli za rangi: miraba kumi na sita kwenda juu, kumi na sita kwenda pembeni, rangi tatu, nukta mbili nyeusi ndiyo macho. Nani angemtambua? Chini ya picha aliandika jinsi mtoto atakavyookolewa, mstari kwa mstari. Kisha mkuu wao, Bwana Kurimoto, akaja na habari zake.

"Kaseti ya gemu imejaa, Tofu. Ama huyo mtoto aokolewe, ama mwisho wa gemu uwe na muziki. Muziki unauza."

Alimwita Tofu kwa sababu siku hizo kampuni ziliogopa kuibiwa mafundi, basi hakuna aliyeandikwa kwa jina lake la kweli. Muziki ukabaki, mtoto akaachwa mvuani. Miaka miwili baadaye Fusae akiwa kwa msusi alisoma gazetini Kurimoto akijigamba: "Tulikusudia. Tuliwafundisha watoto kwamba si kila mtu huokolewa." Mwongo mkubwa! Fusae nusura alitafune lile gazeti. Lakini alikuwa ameshaacha kazi kwa kuolewa, kama walivyofanya wanawake wote, meza yake ikafagiwa mchana mmoja, na karatasi yenye picha ikabaki humo. Alipopiga simu kuiulizia aliambiwa vyote vilitupwa walipohama jengo. Shumpei yeye alijua tu kwamba mama yake aliwahi kufanya kazi pale, na daima alimtania kuwa alikuwa mchemsha chai.

Sasa walikuwa watatu sebuleni, miguu chini ya blanketi la meza fupi yenye joto. Bibi Kinue, miaka themanini na saba, alimenya machenza akiipa televisheni mgongo nusu. Kwake gemu zote zilikuwa kelele.

Shumpei aliwasha, akabonyeza, akatukana.

"Mnaona upuuzi huu? Mashine za siku hizi kitufe cha duara ni hapana, cha eksi ndiyo! Tangu darasa la kwanza mwalimu anatia duara penye sahihi na eksi penye kosa, leo mtu anaamka anatugeuzia dunia!"

"Si ujifunze tu," alisema Bibi. "Mtu mzima unagombana na kitufe."

"Bibi, vidole vyangu vina heshima zao."

Mlima ukafunguka. Fusae alikiri moyoni kwamba ni mzuri, mzuri kupita kiasi. Majani yaliinama kwa upepo, na wimbo uliokuwa wa sauti tatu nyembamba sasa ulipigwa na watu labda tisini.

"Mimi nakwambia," Shumpei alisema, "zamani walikupa vimraba vitano vya kijani, msitu unaujaza mwenyewe. Hawa wanakuonyesha mpaka kokoto. Sasa mimi nifanye kazi gani?"

"Cheza, wewe. Unaongea kama redio."

Akacheza. Akavuka bonde, akapanda ngazi za mawe. Fusae alijua kinachofuata, kwa kuwa ngazi zile alizichora yeye. Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Daraja likatokea. Mtoto alikuwa pale, kawapa mgongo. Akageuka.

Kikombe kilimponyoka Fusae, chai ikamwagika blanketini, wala hakuihisi.

Alikuwa Mitsuyo. Si mtoto anayefanana naye, ni yeye, na jino lake la mbele lililopanda jingine, na kovu la nyusi alilolipata kwa kuanguka na baiskeli, na soksi ya kushoto iliyoteremka hadi kwenye kiatu kama ilivyoteremka kila siku ya maisha yake. Salaale! Uso aliouficha ndani ya nukta mbili kwa miaka thelathini na nne, nani kauchimbua?

"Dada yangu anakuja," mtoto akasema. Sasa alikuwa na sauti.

Shumpei naye alipigwa na butwaa, lakini lake lilikuwa jingine. Kwenye kioo cha televisheni palitokea maandishi: *Umshike mkono? Ndiyo. Hapana.*

"Ebo! Nini hii?" Aliinuka kwa magoti, meza ikatikisika. "Wameweka kumwokoa? Wameweka kumwokoa! Mtoto wa darajani haokolewi, jamani, ndiyo maana yake! Kurimoto alisema mwenyewe! Hawa vitoto waliotengeneza hii hawajawahi kufiwa hata na kuku. Nabonyeza hapana. Naiacha kama ilivyokuwa."

"Usibonyeze!"

Shumpei aligeuka. Hajawahi kumsikia mama yake akitoa sauti ile. Ndipo alipoona chai imemwagika, na ule uso wa mama yake.

"Mama? Unaumwa?"

"Nani amemchora? Nitafutie aliyemchora."

Shumpei, kwa woga, akavuta kijitabu kilichokuja ndani ya boksi, akapekua, akasoma kwa sauti: "'Mtoto wa darajani. Katika bati la biskuti stoo tulikuta karatasi ya Tofu, mchoraji wa kwanza. Nyuma yake palibandikwa picha ya mtoto tusiyemjua, na mpango wa kumwokoa ambao haukuwahi kutumika. Tumeufuata neno kwa neno. Tumemtafuta Tofu bila mafanikio. Kama yu hai na anasoma hapa, tunaomba atusamehe, na atuambie jina la mtoto.'" Akainua kichwa. "Kwa hiyo toka mwanzo alitakiwa kuokolewa? Na Kurimoto je? Miaka yote hii mimi nabishana na watu... Halafu huyu Tofu ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ulikuwa unachemsha chai!"

"Chai nilichemsha pia," alisema Fusae.

Mara upande wa pili wa meza sauti ikatoka, sauti kavu ya kila siku, ya mama anayemwita mtoto kabla hajatoka kwenda shule.

"Vuta soksi yako, Mitsuyo. Utajikwaa."

Bibi Kinue alikuwa ameigeukia televisheni. Chenza lililomenywa nusu lilikuwa bado mkononi mwake. Miaka hamsini na mmoja jina lile halijatoka kinywani mwa mama yake, na leo limetoka bila hata kutetemeka.

"Mitsuyo ni nani?" Shumpei alinong'ona.

"Ni mama yako mdogo," Fusae alisema. "Alikufa maji akiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyemwacha darajani. Kile kibao unachokiwashia udi ni chake."

Shumpei aliangalia kikabati, akaangalia kioo, akaangalia kidole chake kilichokuwa kimebakisha unywele mmoja kubonyeza hapana. Akakitoa haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Kwenye kioo matone ya kwanza yalianza kudondoka. Mtoto alitazama juu, akajikunyata.

"Fusae," Bibi alisema bila kuondoa macho. "Mbona wamemwacha kwenye mvua? Mwendee mdogo wako."

Mwendee mdogo wako. Si lawama, si msamaha, ni agizo tu, na Fusae alikuwa amelingoja kwa zaidi ya nusu karne. Alikinyakua kishikio cha kuchezea mikononi mwa mwanawe. Kilikuwa kizito, kimejaa vitufe kila pembe, ilhali cha zamani kilikuwa na viwili tu. Macho yalimjaa machozi. Ndiyo. Ndiyo ni ipi? Kidole chake hakikumuuliza mtu. Kilikwenda palipo na ndiyo tangu darasa la kwanza, kikabonyeza duara.

Mbeba taa akageuka, akampa mtoto mgongo, akaanza kuondoka.

"Siyo!" Fusae alipiga yowe. "Siyo, siyo, sikutaka! Nimebonyeza ndiyo!"

"Mama, eksi! Eksi ndiyo 'ndiyo'!"

Mvua ikashuka kwa kishindo, daraja likapotea nyuma ya ukungu. Alikuwa amemwacha tena. Mara hii mama yake alikuwa anaangalia. Fusae hakuthubutu kumtazama Kinue. Shumpei alikuwa amesawajika, maana aliijua gemu ile kuliko nyumba yake, na alijua kwamba mvua ikianza imekwisha. Ukirudi hayupo.

"Rudi," Bibi alisema.

"Hayupo, Mama. Mvua ikianza hayupo."

"Nimesema rudi."

Fusae alimgeuza mbeba taa, akamrudisha kwa kukimbia, akigonga miti, akiteleza, kwa kuwa hajui kuendesha, Shumpei akimwelekeza kwa kunong'ona, kushoto Mama, kushoto. Ukungu ukafunguka. Daraja likaonekana.

Mtoto alikuwa pale pale.

Shumpei alishika kichwa. "Haiwezekani," alisema. "Haiwezekani kabisa."

Ndipo Fusae alipokumbuka. Mstari wa mwisho nyuma ya karatasi, alioandika akiwa na miaka ishirini na minane, baada ya kazi, ofisi nzima imeshaondoka: *Akikataliwa aendelee kuwepo. Hata mara mia. Asiondoke mpaka aje kuchukuliwa.* Aliuandika mwenyewe, akausahau, na watu wasiomjua wakauheshimu.

Mtoto alimtazama mbeba taa, maji yakimtiririka kwenye nywele. Akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka.

"Umechelewa," alisema.

Maandishi yakarudi. *Umshike mkono?* Fusae hakukiamini tena kidole chake. Alimtazama mwanawe, na Shumpei, yule aliyeapa kuiacha kama ilivyokuwa, akamshika kidole gumba na kukiweka juu ya eksi. Wakabonyeza pamoja. Mkono mdogo ukaingia katika mkono wa mbeba taa, na wawili wale wakaanza kuvuka daraja polepole, kwa sababu mtoto alisimama katikati kuvuta soksi yake.

Bibi Kinue aliliweka chenza mezani, akajifuta vidole, akainuka kwa shida akishikilia bega la Fusae. Bega hilo hakuliachia upesi.

"Haya, mleteni ndani," alisema. "Nakwenda kuchukua taulo."