Paka Alivyoteremka Darini

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu moja ya Machi mwaka 2014, Pascasie alivua viatu vya theluji kwenye mlango wa nyumba ya akina Harrison huko Blaine, ughaibuni, akanawa mikono, akamvuta paka kutoka darini ili amlishe. Paka alikuwa amefungwa kamba ya kiatu tumboni, ncha yake ikining'inia usawa wa kabati. Alikula mikebe mitatu, akatapika mmoja, akaachiliwa, akapaa tena. Jina lake lilikuwa Mheshimiwa, kwa kuwa alikula sana na hakufanya kazi yoyote.

Alianza kukonda Krismasi. Kufikia Februari mizani ilisoma chini ya sufuri. Daktari wa wanyama aliandika namba hiyo na alama ya kutoa mbele yake, akampa mwenye nyumba, Jedidah, fomu ya maswali ishirini. Sasa, Jedidah ni nesi wa zamu ndefu, Harrison mumewe yuko benki, na binti yao Natasha yuko shule. Aliyekuwa akishinda na paka ni Pascasie, mjane wa miaka hamsini, mkimbizi kutoka Kivu, mfagiaji na mpishi wa nyumba ile. Basi maswali alijibu Pascasie, Natasha akayaandika kwa Kiingereza.

Moyo unakwenda mbio? Unakwenda. Analala? Halali. Anakula asinenepe? Sana tu. Anatetemeka, anahangaika, anasikia joto hata kwenye baridi? Pascasie alijibu yote bila kufikiri, maana alikuwa anajieleza mwenyewe. Daktari aliposoma alisema aliyejibu fomu hii ana jicho kweli, akamtoa paka damu siku hiyo hiyo. Ilikuwa tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi.

Pascasie naye alikuwa anapaa. Hajafika darini bado, lakini alitembea amejifunga mfuko wa mchele wa kilo kumi chini ya kitenge. Mara tatu alikwenda kliniki karibu na kwake, mtaa wa Phillips, mkalimani akiwa kwenye simu. Mizani ilipokataa kushuka, aliyekuwa akimpima aliandika kwamba mgonjwa hataki kusimama vizuri. Daktari alimuuliza habari za vita, akatikisa kichwa kwa huruma, akampa karatasi ya kumfundisha kupumua. Ebo, mtu amepumua miaka hamsini bila karatasi! Damu hakuna aliyemtoa.

Jumatatu hiyo jioni familia ilikaa sebuleni kuamua. Kulikuwa na vidonge, mara mbili kwa siku hadi kufa, na Mheshimiwa alikwisha kumng'ata Harrison kwa kimoja tu. Au sindano moja ya ayodini yenye mionzi, ichome tezi iliyozidi, yaishe. Harrison alisema kwao Nyamira paka akiugua hujitafutia kichaka, haitishiwi mkutano. Jedidah aliitaka sindano, ila baada yake paka hubaki na mionzi wiki mbili, hapakatwi ovyo, kinyesi chake huwekwa kando, na yeye alikuwa na mimba ya miezi minne. Natasha akasusia chakula, na hilo likamaliza mjadala. Ikabaki nani atakaa na paka.

Hapo Pascasie alitoka jikoni, mikono ina povu.

"Mama Natasha, ile ugonjwa ya paka njo yangu pia. Uende na mimi kwa docteur, unisemee. Wewe ukisema, batasikia."

Jedidah alimpenda Pascasie, tusimsingizie. Alimshika bega, kiasi cha kumrudisha sakafuni. "Pole, mama. Umepitia mengi, hiyo ni stress. Lakini next week nitakupeleka, sawa?" Halafu akaona kwamba kwa vile Pascasie hana mtoto mdogo kwake, Mheshimiwa angefaa akae huko.

Paka alichomwa sindano, akalazwa siku nne, akaletwa Phillips na karatasi ya masharti: asipakatwe zaidi ya dakika kumi na tano, asilale na mtu. Pascasie alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Kila usiku alimlaza paka juu ya koo lake ili naye apate makombo ya mionzi. Siku ya tisa Mheshimiwa alishuka kitandani mwenyewe, kwa kishindo. Pascasie hakupata kitu. Inaonekana mionzi hufuata jina lililoandikwa kwenye fomu. Siku ya kumi na mbili mfuko wa mchele haukutosha tena.

Harrison aliwarudisha Blaine kwa gari, paka kwenye kiti, Pascasie mgongo ukigusa paa. Paka alipopimwa, mizani ilisoma paundi tisa kamili. Natasha alipiga makofi, Jedidah akalia machozi ya kweli.

"Mama Natasha," Pascasie aliuliza kutoka darini, "docteur yangu ni siku gani?"

Jedidah alifungua kalenda kwenye simu. Alhamisi paka alikuwa na kipimo cha damu cha marudio, Ijumaa alikuwa na zamu. "Next week, mama," alisema, na alimaanisha. Kisha akatazama juu, akaiona feni ya darini ina vumbi. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akamrushia, akisema, "Kwa vile uko huko huko." Pascasie alikidaka, akaanza kufuta panga la feni lililo karibu.