Ziwa la Mama Jackie

Katika stoo ya viazi ya Simeon, kule Mweiga, palikuwa na desturi moja ambayo hata Simeon mwenyewe hakuigusa: anayesoma hachambui. Wachambuzi, karibu wote wanawake, waliketi duara juu ya magunia matupu, kila mmoja na fungu lake. Viazi vikubwa huku, vya mbegu kule, na vile vilivyogeuka kijani au kukatwa na jembe vikatupwa nyuma, chakula cha nguruwe. Msomaji alikaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, karibu na mlango penye mwanga, na fungu lake wakaligawana wengine bila kunung'unika. Msomaji huyo alikuwa Wamae, na kreti ile aliipenda kuliko wengine wanavyopenda kiti cha ubunge.

Hakufundishwa kusoma na mtu. Alijifunza kwa magazeti ya kufungia nyama, herufi kwa herufi, mafuta yakimchuruzika vidoleni. Mwaka wa tisini na mbili, watu walipokuwa wakipiga kelele za vyama vingi, ndiye aliyepanda juu ya meza sokoni akataja kwa majina wakubwa waliogawana mashamba ya wazungu, mpaka askari wakamteremsha kwa rungu. Bega lake la kushoto bado liliuma kila kipindi cha baridi. Hakulipeleka hospitali. Aliona likipona naye atasahau.

Lakini vitabu alivyovisoma stoo havikuwa vya siasa. Vilikuwa vya ziwa. Alivitoa maktaba ya Nyeri mjini, akavirudisha na vumbi la viazi katikati ya kurasa: visa vya watu wa visiwani, vya wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, vya mabinti wanaofua juu ya mawe huku wakisengenya kijiji kizima. Alipokuwa mdogo, mzungu wa shamba walimokuwa vibarua wazazi wake alikuwa na bwawa lenye samaki wa kuvuliwa kwa starehe, na mtoto mweusi akionekana ukingoni alifunguliwa mbwa. Uhuru ukaja, mzungu akaondoka, akaja mheshimiwa, akaongeza seng'enge. Mbwa walibaki walewale. Ndani ya kitabu, ziwa halikuwa na seng'enge. Uliingia kwa ukurasa wowote uliotaka, ukaloweka miguu, na hakuna aliyekuuliza wewe ni wa nani.

Hayo ndiyo aliyowagawia wenzake. Wangechi, mkubwa wao, ambaye hakuwahi kula samaki na alimwita nyoka wa maji, alilia waziwazi siku ng'ombe wa mjane alipozama akivushwa kwenda kisiwani. "Na alikuwa na mimba," alisema akipangusa uso kwa kitenge. "Wamae, angalia vizuri kama hawakumtoa."

Wamae aliangalia, akatikisa kichwa, na stoo nzima ikanyamaza kama matangani. Mtu akiweza kuwanyamazisha watu hivyo kwa maneno tu, atatafuta nini kingine duniani?

Kisha akaja Apondi.

Alikuwa mke wa Maxwel, konstebo aliyehamishiwa hapo kutoka sijui wapi, na kwa kuwa binti yao aliitwa Jackie, wote walimwita Mama Jackie. Alikuja kuchambua viazi kwa sababu kukaa kambini kulimchosha. Wamae hakumpenda hata kabla hajafungua mdomo. Mke wa askari. Bega likamwashia moto.

Wangechi alipomuuliza kwao ni wapi, akasema, "Kwetu ni Nyanza. Ziwani."

Wanawake waliacha viazi. Ilikuwa kana kwamba mtu ametoka kitabuni akaja kuomba gunia la kukalia.

Tangu siku hiyo, Wamae alisoma sentensi moja na macho yote yakamkimbilia Apondi.

"Mama Jackie, ni kweli? Ati maji inaanza kung'aa kabla ya jua kutoka?"

"Ni kweli," alisema Apondi. "Inang'aa kama mabati mpya."

Laiti angebisha. Wamae angepanda juu ya meza, angeonyesha ukurasa, angeshinda. Lakini mwanamke yule alikubali kila kitu, kwa sauti ya chini, na kwa kukubali kwake akamwibia ziwa tone kwa tone. Kitabu ambacho jana kilikuwa kinatosha, leo kilihitaji shahidi. Na zaidi ya hayo aliona jinsi Apondi alivyosikiliza: kiazi kimesimama mkononi, midomo wazi, akicheka kabla ya mahali pa kuchekesha kufika. Wamae alisoma miaka yote hiyo na hakuwahi kufurahi kiasi kile. Ziwa tayari ni la huyu mwanamke, alijiambia, na raha pia anataka iwe yake.

Hakulala vizuri. Aliwaza jinsi wengine huzaliwa juu ya vitu: huyu juu ya shamba, yule juu ya cheo, huyu juu ya maji. Na yeye akazaliwa nje ya ua.

Jumanne moja alifika mahali ambapo wanawake wa kisiwani wanapika mboga. Kitabu kilisema wanachota maji ziwani na kuinjika sufuria, basi. Wamae, bila kuinua macho, akaongeza ya kwake: "Nao hawakutia chumvi, kwa kuwa maji ya ziwa lile yana chumvi yake, na mtoto akiyanywa hutapika."

Alingoja. Vitabu vyote alivyovisoma vilisema maji yale ni matamu, watu huyanywa kwa viganja wakiwa ndani ya mtumbwi. Mtoto yeyote wa ziwani angecheka. Mama Jackie angebisha mbele ya kitabu, na hapo watu wangelazimika kuchagua.

"Hiyo nayo ni kweli, Mama Jackie?" aliuliza Wangechi.

"Ni kweli," alisema Apondi. "Hatuweki chumvi."

Wamae alifunga kitabu, kidole kikiwa katikati. Hakusikia hasira kwanza, alisikia mwili umekuwa mwepesi.

Wakati wa chai alimfuata nyuma ya stoo, penye nguruwe.

"Wewe, ziwa umewahi kuliona?"

Apondi alishika kikombe kwa mikono miwili. "Kwenye kalenda," alisema. "Baba yangu alikuwa polisi, Wamae. Mimi nimezaliwa kambi ya Isiolo, nikalelewa Kutus na Garissa, nikaolewa na polisi mwingine. Kila mahali wananiuliza samaki, wananiuliza ziwa. Nikisema sijui, nitasema mimi ni wa wapi? Sasa nikikaa hapo kwako, naona kama narudishwa nyumbani." Akamtazama. "Usiwaambie, baba. Tafadhali."

Mtu mwingine angemhurumia. Wamae naye alimhurumia, kwa muda wa kutosha kumaliza mkate wake. Halafu akakumbuka macho ya wanawake yakimkimbilia huyu, na akakumbuka rungu, ingawa rungu halikuwa la Apondi, na moyo ukakunja ngumi.

Waliporudi alikaa juu ya kreti lakini hakufungua kitabu.

"Leo mniambie," alisema kwa ile sauti ya sokoni. "Mnamuuliza huyu kila siku, ni kweli, ni kweli. Huyu hajui ziwa. Hajawahi kukanyaga huko. Hiyo ya chumvi nimetunga mimi, kwa kichwa yangu, na yeye akakubali."

Apondi aliinamia fungu lake. Wamae alingoja wamgeukie, wamcheke, warudi kwake.

Wangechi ndiye aliyesema, taratibu, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. "Kwa hivyo hiyo ya chumvi si ya kitabu."

"Si ya kitabu. Nilitaka kumshika."

"Ulitusomea kitu haiko."

"Mara moja tu."

"Na ng'ombe wa mjane?"

"Ni wa kitabu, Wangechi. Haki ya Mungu."

"Mimi nililia hapa," alisema Wangechi. "Hawa wakaniona. Sasa nitajuaje?"

Wamae alifungua kitabu, akatafuta ukurasa, akauinua juu. Lakini wengi wao hawakujua kusoma, na waliojua hawakutazama. Aliwahi kuona uso ule wa kutoamini sokoni, watu walipokuwa wakimsikiliza mheshimiwa akitoa ahadi. Hakuwahi kudhani utamgeukia yeye.

"Huyu alidanganya juu ya kwao," Wangechi alisema. "Hiyo ni yake na watu yake. Wewe umedanganya kwa kitabu." Akanyoosha mguu, akasukuma kwa kisigino lile fungu la viazi ambalo wangeligawana, likabingirika mpaka kwenye kreti. "Chambua zako, mzee."

Wamae alishuka. Hakuna aliyesaidia na hakuna aliyetukana.

Viazi viligonga viazi, mpaka mmoja akasema kazi hii bila hadithi ni kama jela. Wangechi akauliza, "Mama Jackie, wewe unajua kusoma?"

"Najua kidogo."

"Basi kaa hapo. Na uache kukubali-kubali. Soma yenye iko."

Apondi alikataa, wakamlazimisha. Alisoma vibaya. Aliruka nukta, aliburuta maneno marefu kama gunia lililotoboka. Mahali pa wanawake wa mboga alisoma kwamba maji ni matamu, akaendelea. Kisha mtumbwi ukatoka asubuhi na ukungu, binti akiwa ndani na kuku wa kuuza, na sauti ya Apondi ikaanza kutetemeka kwa kicheko kilichokuwa bado mbele, na wote wakainua vichwa kukingoja.

Wamae kitabu hicho alikijua mwanzo hadi mwisho. Lakini hakuwahi kusomewa na mtu. Aliona wivu kwa kreti, kwa kuku, kwa yule binti, kwa mdomo ule usiojua kupumzika kwenye mkato. Alitaka kumsahihisha. Badala yake alivuta gunia lake mbele kidogo, kwa sababu pale alipokuwa hakusikia vizuri.