Aliyetoka kwenye Maji ya Magadi

Saa mbili asubuhi wanawake watano waliketi kwenye kibaraza cha kiwanda kimoja cha mtaa wa To Kwa Wan, wakibandua vifuniko vya makopo ya filamu kwa bisibisi. Zamani kiwanda kile kilikuwa cha sabuni. Tangu Wajapani waichukue Hong Kong, kazi yake ilikuwa kuosha sinema. Mikanda ilitumbukizwa kwenye mapipa ya maji moto yenye magadi, picha zikabanduka, madini ya fedha yaliyokuwamo yakapelekwa jeshini, na utepe mtupu uliobaki ukaenda kutengenezewa vitana na vishikizo. Watu waliokuwa ndani ya picha walitoka kwenye mapipa kwa miguu yao.

Walitoka mmoja mmoja, wakishika ukingo, kisha wakaenda uani kujianika. Walikuwa wa kijivu kuanzia nywele mpaka ulimi. Mwanzoni wanawake waliwapa mkono kuwasaidia kushuka, baadaye wakaacha, kwa kuwa ule ukijivu ukishika kiganja hautoki. Kulikuwa na majenerali, mabibi harusi, watawa, na majambazi wenye ndevu za gundi. Juma la pili lilipokwisha walikuwa wamezidi sabini, na foleni ya bomba la maji la mtaani ikawa haisogei. Hawakunywa maji. Wengi wao kazi yao kwenye picha ilikuwa kusimama nyuma ya wengine, na hawakujua kazi nyingine.

Sauti hawakuwa nayo. Mikanda iliyoletwa kwanza ilikuwa ya kale, ya kabla sinema haijaanza kusema, kwa hiyo walifumbua vinywa tu na kufumba. Msimamizi Szeto aliwafokea siku tatu mfululizo wasizibe njia ya mikokoteni, na wao wakamtazama kama watu wanaosubiri kitu. Siku ya nne alituma aitwe Ngai Pak-tong.

Huyu Ngai, aliyeitwa Mwalimu na watu wote ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote, alikuwa msimulizi wa picha. Miaka kumi na mmoja alisimama juu ya kijukwaa kando ya kitambaa cha sinema huko Sham Shui Po, akiwasemea watu wa kwenye picha kwa Kikantoni safi: bibi harusi, mama mkwe, hakimu, hata farasi. Picha ikiishia kwa msiba, watazamaji walimtupia yeye maganda ya machungwa, si waigizaji. Basi akajifunza kuikarabati. Aliyezama, Mwalimu alisema ameokolewa na mvuvi aliye upande ambao kamera haikufika. Aliyekufa, alisema amezimia. Watu walirudi nyumbani wakifuta machozi ya furaha, na mwenye ukumbi alimpenda. Kisha sinema ikaanza kusema yenyewe, na Mwalimu akaanza kuuza soksi.

"Mwalimu, hawa watu wako wamenishinda," Szeto alimwambia. "Mimi nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Hebu jaribu wewe."

Mwalimu alipanda juu ya kreti, akakohoa. "Jenerali alipoona jua limekuwa kali," alisema kwa ile sauti yake ya zamani, "aliwachukua watu wake wote, akawapeleka ukutani kwenye kivuli."

Jenerali aliwachukua watu wote, akawapeleka ukutani kwenye kivuli.

"Utaanza leo leo," Szeto alisema.

Mwalimu alikubali upesi kuliko njaa yake ilivyohitaji, maana alikuwa na lake. Miaka kumi na mitatu nyuma, binti yake wa pekee, Ah-Yin, akiwa na umri wa miaka sita, aliazimwa kwa siku moja na watengeneza picha. Mtoto waliyemkodi alikuwa akilia kila akiiona kamera. Ah-Yin hakulia. Alivuka barabara na mwavuli wa karatasi, akampa mama wa kwenye picha, basi. Miaka mitatu baadaye alikufa kwa homa. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Kila mwaka mpya walisema wangempeleka kwa mpiga picha mwaka ujao. Sura yake ilibaki kwenye mkanda ule mmoja tu, nao ulikuwa humo kiwandani, ndani ya kopo mojawapo. Mwalimu alitaka aukute kabla ya wanawake wa bisibisi. Mkewe, Lai-kuen, alikuwa amemshonea mfuko mpana ndani ya koti.

Alisoma majina ya makopo siku tisa. Hakuliona la ule mkanda. Alichosahau ni desturi ya kazi yenyewe: picha ikikosa watazamaji mji mmoja, wenye picha waliibandika jina jipya na kuipeleka mji mwingine kama picha mpya. Ile ya Ah-Yin ilikosa watazamaji. Aliyelibuni jina la pili alikuwa Mwalimu mwenyewe, kwa malipo ya bakuli la tambi, na kwa kuwa alibuni majina mengi ya namna hiyo, lilikuwa limemtoka kabisa. Siku ya Alhamisi kopo lilipita mbele yake na jina lake jipya, naye akaliacha lipite.

Muda mfupi baadaye mama mmoja aliyefanya kazi kwenye mapipa alimwita. "Mwalimu, kuna mtoto huku. Anasemaje?"

Ah-Yin alikuwa amesimama kando ya pipa na mwavuli wake, maji yakimchuruzika. Alikuwa na miaka sita. Midomo yake ilicheza.

"Anasema ametumwa mwavuli," Mwalimu alisema, akakaa juu ya rundo la mikanda.

Jioni alimshika mkono, wakaenda nyumbani. Lai-kuen alikuwa akimenya viazi vitamu mlangoni. Alimtazama mtoto tangu utosini hadi miguuni.

"Baba Yin, akili zako ziko wapi? Umemtembeza njia yote hiyo na nguo mbichi?"

Alimvua, akamkausha, akamvisha shati lake mwenyewe. Shati nalo likawa la kijivu. Alimwekea uji wa mchele, mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na Ah-Yin akautazama kwa adabu mpaka ukapoa. Ndipo Lai-kuen akaunywa yeye. Usiku ule na ule uliofuata walilala mkeka mmoja, mama amemkumbatia. Majirani walipita kusalimia.

"Yin karudi?"

"Karudi."

"Heri yenu. Ana kadi ya mchele?"

Hapo ndipo palipokuwa na neno. Tangazo lilikuwa limebandikwa: asiye na kadi ya mgao wa mchele arudi kijijini kwao, China bara, kwa tishari la mizigo la Jumatatu. Matishari yale yalikuwa yakiondoka yamejaa na kurudi matupu baada ya muda wa saa mbili, na kijiji cha karibu zaidi kilikuwa safari ya kutwa nzima. Kila mtu alijua kupiga hesabu hiyo, na hakuna aliyeipiga kwa sauti.

Jumamosi Mwalimu alimpeleka mtoto kwenye ofisi ya mtaa. Karani alifunua daftari.

"Huyu alikufa mwaka wa thelathini na mbili."

"Ndiyo, bwana. Lakini huyu hapa."

Karani aliinuka, akachungulia chini ya kaunta. "Namwona. Mtoto mzuri, hana kelele. Lakini waliokufa walisharudisha nafasi zao, mzee. Nikimpa yeye, itabidi nimpe na babu yangu."

"Atakula changu."

"Sijakataa asile. Nimekataa kuandika."

Jumapili alimfuata Szeto nyumbani kwake. Szeto hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, chai yenyewe ya majani ya jana, na hakumtazama usoni.

"Wajapani wamekwisha kuwahesabu watu wa kwenye picha," alisema. "Themanini na watatu. Na wewe ndiye utakayewapandisha, kwa sababu wakisukumwa wanasimama tu. Afisa wao amesema wasipopanda kwa maneno watapandishwa kwa singe za bunduki."

"Mmoja tu, Szeto. Mtoto."

"Nina watoto wanne mimi, Mwalimu. Usinitie kwenye hayo." Alimwongeza chai. "Lisilo budi hutendwa."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na jua gatini. Mwalimu alipewa kreti asimame. Askari mmoja mwenye chaki alikaa kando ya ubao wa kupandia, akipiga mstari kwa kila kichwa. Lai-kuen alisimama nyuma ya kamba pamoja na majirani.

Mwalimu alisimulia. Alisema vita vimekwisha na jenerali anarudi kwa mama yake, na jenerali akapanda. Alisema mabibi harusi wanasubiriwa na waume zao, nao wakapanda wameshika vitambaa. Majambazi aliwaambia wamesamehewa. Hakuna aliyesita. Alikuwa hajawahi kusimulia vizuri namna ile, na alijichukia kwa kila neno.

Ah-Yin alikuwa wa mwisho. Alipofika katikati ya ubao, Mwalimu alisema, "Mtoto akageuka, akarudi kwa mama yake."

Ah-Yin aligeuka, akarudi kwa mama yake, akasimama kando yake.

Askari alihesabu mistari yake, akahesabu tena. Themanini na wawili. Hakufoka. Aliinuka, akapita chini ya kamba, akamshika Lai-kuen bega na kumwongoza taratibu kuelekea kwenye ubao. Hesabu ilihitaji mtu, na mtu alikuwa hapo.

"Niache niende," Lai-kuen alimwambia mumewe alipopita mbele ya kreti. "Baba Yin, nyamaza hivyo hivyo. Mimi nimeishi."

Mwalimu alinyamaza kwa hatua tatu za mkewe. Ya nne hakuiweza.

"Lakini mtoto akakumbuka," alisema, "kwamba huko kijijini lichi zimeiva, na wenzake wote wameshatangulia. Akapita mbele ya mama yake, akapanda."

Ah-Yin alipita mbele ya mama yake, akapanda. Askari alimwachia Lai-kuen, akapiga mstari, akafuta mikono yake. Tishari liliondoka gatini. Mtoto alisimama ukingoni akiwaelekea, na midomo yake ikaanza kucheza, ikacheza kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Anasemaje?" Lai-kuen aliuliza.

Mwalimu aliikazia macho ile midomo.

"Baba Yin. Mwanangu anasemaje?"

"Sijui."

"Siku zote ulikuwa unajua."

"Siku zote nilikuwa nabuni," Mwalimu alisema.

Lai-kuen aliendelea kuitazama ile midomo mpaka umbali ukaifuta. Kisha akaenda nyumbani peke yake kwa njia ya sokoni.

Szeto alikuja na kumsaidia Mwalimu kushuka kwenye kreti. Alimwambia kwamba wamepokea shehena nyingine, picha za vita nyingi, na zile zina watu wengi, kwa hiyo Jumatatu ijayo huenda wakawa mia mbili. Mwalimu aliuliza aje saa ngapi.