Njia Inaanzia kwa Nani

Waiyego anauza mbegu na dawa za mifugo mjini Eldoret, lakini ukitaka kumkasirisha usihangaike na mbegu zake. Gusa ramani. Kuna ramani moja mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha, na humo Waiyego ameilea njia ya gari la maziwa, ile ya kati ya mjini na Soy kupitia Kiplombe, kama ndama aliyefiwa na mama. Njia yenyewe ni vipande vingi vya barabara vilivyopangwa kwa kufuatana. Mpangilio ukivurugika, mstari unakatika kwenye simu ya dereva.

Alhamisi moja Mama Jepchirchir, mteja wake wa Kiplombe, aliingia dukani bila hata salamu, na huyo ni mtu wa salamu ndefu.

"Waiyego, gari imeniruka tena! Maziwa nimepatia mbwa mpaka mbwa wamechoka."

Dereva, Okeyo, alikuwa mgeni na alifuata simu tu. Jepchirchir alipompigia, alijibiwa kwamba mstari umekatika karibu na kwake, maana yake mvua imebeba daraja. Okeyo alikuwa ameshakwama matopeni mara moja na hakutaka tena, kwa hiyo akifika hapo anarudi zake kwa lami.

"Nikamwambia daraja iko, nimesimama juu yake nikiongea na yeye. Akakataa!"

Na chama chao cha maziwa hakina mchezo: ukikaa wiki nzima bila kupeleka, nafasi yako anapewa mwingine. Wiki ya Jepchirchir ilikuwa inaisha Jumamosi.

"Wakinitoa nitauzia nani? Huko kwetu kila mtu ako na ng'ombe."

Waiyego akafungua kompyuta. Kweli, mstari ulikatika palepale langoni kwa Jepchirchir, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameunyoosha Jumapili baada ya kanisa. Mtu mmoja aitwaye Felix alikuwa ameupangua. Waiyego akaupanga upya. Kabla hajamhudumia mteja aliyefuata, Felix alikuwa ameshaupangua tena.

Damu ikamchemka. Halafu akatazama vizuri, na hasira ikaanza kumpisha udadisi. Mharibifu hafanyi kazi safi namna hii. Vipande vya Felix, kuanzia Soy mpaka kwa Jepchirchir, vilifuatana bila kosa hata moja. Sasa mtu nadhifu hivi alikuwa anatafuta nini?

Akamwandikia: "Wewe ni nani, na Mama Jepchirchir amekukosea nini?"

Jibu likaja pamoja na namba ya simu: "Mimi ni mwalimu hapa Soy. Anayetengeneza ni mimi. Anayeharibu ni wewe."

Waiyego akapiga hapo hapo.

"Mwalimu, hebu nisomee njia yako."

"Naanza Soy, sokoni, halafu..."

"Ngoja. Mbona unaanza mwisho?"

"Mwisho? Madam, kwani maziwa yanatoka wapi?"

Waiyego akageuka kutazama barabara nje ya duka. Kila asubuhi aliliona gari likiondoka mjini na mitungi mitupu, basi kwake safari ilianzia hapo. Felix akamweleza kwamba gari hupanda kwa lami moja kwa moja hadi Soy, na huko ndiko linaanza kuokota maziwa, likirudi mjini taratibu kwa barabara ya murram, ile ya udongo isiyo na lami. Kwa wakulima, njia inaanzia kwa ng'ombe wa kwanza.

"Sasa mbona umegeuza nusu tu?"

"Hiyo nusu ingine sijawahi pita. Siwezi gusa kitu sijaona na macho yangu."

Jibu hilo lilimuuma Waiyego, aliyekuwa akiipanga njia yote akiwa dukani, lakini alimheshimu kwalo. Yeye alipanga kutoka mjini, Felix kutoka Soy, na mipango yao ilipogongana ndipo nyumbani kwa Jepchirchir. Akavuta kiti, akaanza kuigeuza nusu yake kipande kwa kipande, Felix akimsikiliza simuni. Jepchirchir, aliyekaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, hakuacha kuuliza, "Imeshikana? Imeshikana?"

Jumamosi alfajiri Waiyego alikwenda Kiplombe kujionea mwenyewe. Alisimama langoni akikodoa macho upande wa mjini, mpaka Jepchirchir alipomshika mabega akamgeuza.

"Inatokea huku, mama."

Likatokea huko, likinguruma polepole. Waiyego karibu aruke kwa furaha. Okeyo akashuka na kipimo chake, uso umemjaa tabasamu.

"Kumbe daraja wametengeneza! Tena haraka!"

Waiyego akafungua mdomo. Alikuwa na mengi, na yote yalitaka kutoka kwa pamoja. Jepchirchir akamfinya mkono.

"Pima kwanza," akamwambia Okeyo.

Okeyo akapima maziwa, akatikisa kichwa kukubali, akayamimina kwenye mtungi pamoja na ya wengine. Jepchirchir aliyafuata kwa macho hadi tone la mwisho, kisha akajifuta machozi kwa leso.

"Haya, Waiyego," akasema. "Sasa unaweza kumwambia."