Maharage Yaliyozikwa Chini ya Maganda

Mpishi mkuu wa chuo alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilijivunia bila haya: miaka ishirini na sita jikoni, hajawahi kuunguza. "Moto naujua kwa pua," alipenda kusema, huku akiigonga pua yake kwa kidole kama anayemsifu mtoto aliyefaulu.

Kumbe pua yenyewe ilishakufa. Tangu mafua makali ya mwaka jana hakusikia harufu ya kitunguu wala ya moshi. Siri hiyo aliimeza. Mpishi asiye na pua, nani atamwachia sufuria za watu mia nne?

Bintiye alisoma chuoni hapohapo, katika maabara ng'ambo ya uwanja. Kila jioni alikuja na ndoo kuchukua maganda ya viazi. Aliyakausha, akayachoma kwenye tanuru lisiloingiza hewa mpaka yakawa mkaa, akausaga ukawa laini kama wanja, akautumia kutengeneza kidude cha kuhifadhi umeme.

"Mkaa huu una vitundu vidogo vidogo, Baba. Umeme unajibanza humo."

"Kama mende?"

"Kama mende. Tena ukoo mzima."

Kila ndoo ilitoa mkaa wa kuwasha taa ndogo kwa dakika mbili, basi. Ila ndoo ya saba iliwasha dakika kumi na moja. Mwalimu wake alipiga makofi, kisha akasema: rudia. Ukishindwa mpaka Ijumaa, tutasema ilikuwa bahati, na mradi tutaufunga.

Binti alirudia mara tano. Dakika mbili, dakika mbili. Jumanne akaja jikoni, akajitupa juu ya gunia la viazi.

"Baba, hebu kumbuka. Siku ya ndoo ya saba uliweka nini humo?"

"Maganda." Mpishi hakuinua macho kutoka kwenye kisu alichokinoa.

"Maganda tu?"

"Nimesema maganda."

Mkata mboga, mama mwenye mdomo usiolala, akadakia, "Muulize vizuri huyo. Siku ile maharage yalipotea, tukala kabichi. Eti yameliwa na panya!"

"Sufuria nzima?"

"Panya wa chuo hao, mwanangu. Wamesoma."

Binti akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Alilia kimya, amejifunika uso kwa mikono yenye masizi. Mpishi akakiweka kisu chini.

"Wewe," akamwambia mkata mboga, "nenda stoo ukaniletee chumvi."

"Chumvi si hiyo mbele yako?"

"Nyingine."

Mkata mboga alimtazama baba, akamtazama binti, akatoka bila neno. Si kawaida yake.

"Mama," mpishi akamwita bintiye, kama alivyomwita tangu yuko mgongoni. "Maharage yaliungua. Niliyazika ndani ya ndoo yako, nikayafunika kwa maganda."

"Uunguze wewe?"

"Sisikii harufu. Alfajiri ile nilikuwa peke yangu; nilijua yameungua moshi uliponiingia machoni."

Alingoja hasira. Mara tano mtoto amerudia bure kwa sababu ya fahari ya mzee mmoja! Lakini binti alinyanyuka kwenye gunia, akamshika mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Mwaka mzima, Baba? Peke yako?"

Mpishi aliinjika sufuria ya maharage kama ya siku ile, na yalipokauka maji akapandisha moto.

"Yananukaje?" akauliza.

"Kama mkate uliosahauliwa motoni. Sasa... kama kamba inayoungua."

"Bado. Siku ile moshi ulijaa hata saa ya ukutani sikuiona."

"Mimi naiona."

Wakasimama bega kwa bega wakikohoa, wameikodolea macho saa. Mkata mboga akaingia na pakiti ya chumvi. "Jamani, yanaungua hayo!"

"Tulia," mpishi akamwambia. "Tunapika."

Saa ikapotea. Binti akazima moto.

Ijumaa taa iliwaka dakika kumi na nusu mbele ya mwalimu. Maharage yana kitu ambacho ganda la kiazi halina, mwalimu alieleza, na mradi ukaendelea. Ikabaki kuandika ripoti, itakayosomwa na chuo kizima, mkuu wa chuo akiwemo. Binti aliileta jikoni, kalamu mkononi, akakwama kwenye mstari mmoja.

"Niandike kwamba yaliungua kwa bahati mbaya?"

Mpishi alifuta mikono kwenye aproni taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kama mpishi angekuwa baba wa mwenzako, ungeandika hivyo?"

"Hapana."

"Basi andika kwamba Mpishi hakusikia harufu. Na hilo 'Mpishi' lianze kwa herufi kubwa."