Taa ya Kulia ya Bwana Pascoe

Jumatatu moja ya Juni 1954, saa nne asubuhi, Rodwell Nkonde alikuwa amelala chali chini ya gari la Bwana Pascoe, mnunuzi wa samaki wa Nchelenge, waya mmoja mkononi, asijue pa kuupeleka.

Gari lilikuwa la mwaka wa ishirini na saba. Panya walikuwa wamekula pamba yote iliyofunika nyaya zake, na kwa miaka tisa lilikaa kibandani bila kulia wala kuwaka. Kwa wiki tatu Rodwell aling'oa nyaya kuukuu, akatandaza mpya, akasugua dinamo kwa mswaki wa mkewe. Alifanya kazi kwa mbwembwe, akipiga mluzi kila mtu alipopita, ili aulizwe. Si alikuwa ameishi na umeme miaka kumi na miwili, mgodini Kitwe? Aliishi nao karibu sana: alimbebea mzungu wa umeme mkoba. Alijifunza kwa kuchungulia begani, akajua kila kitu isipokuwa waya wa mwisho. Kazi ile haikuruhusiwa kwa mtu mweusi, na kila ulipofika waya wa mwisho yule mzungu alimgeuzia mgongo.

Hayo hakumwambia mtu. Bwana Pascoe alikuwa ameahidi kwamba gari likiwaka ataandika katika chitupa cha Rodwell, kile kitabu chake cha pasi, maneno "fundi wa umeme". Kurasa zote za nyuma ziliandikwa "mbeba mkoba". Rodwell aliyataka maneno yale hadi usingizi ulimpaa.

Basi akabahatisha. Aliugusisha waya kwenye shaba safi kuliko zote mle kibandani, yaani bangili aliyovaa kutibu baridi yabisi, akamwomba Bwana ageuze swichi.

Honi ililia. Taa ya kushoto iliwaka. Ya kulia haikuwaka. Uliwaka uso wa Rodwell, tangu kidevuni hadi kwenye nywele, mwanga mweupe uliofika hatua arobaini. Aliutoa waya, akavua na bangili. Swichi ilipogeuzwa tena, akawaka vilevile.

"Iko muzuri," alisema Bwana Pascoe, aliyejifunza Kiswahili kwa wavuvi wa Kasenga, ng'ambo ya mto wa mpakani. "Panda kwa madigadi."

Rodwell akapanda. Kila magharibi ya safari alipelekwa upande wa Mwansabombwe juu ya madigadi ya kulia, akimulika mbuzi na mashimo. Kwenye kona aligeuza shingo mwenyewe. Ikija baiskeli aliinamisha kichwa, asimwumize mtu macho, na waendesha baiskeli walimshukuru.

Siku ya tisa, shingo imekakamaa, aliona mahali pa waya: boliti ndogo isiyo na rangi, chini ya taa, karibu na goti lake. Ilikuwa pale siku zote. Alijicheka hadi mwanga ukatikisika barabarani. Kisha akaumia moyo, kwa kuwa miaka kumi na miwili ya mgongo wa mzungu ilikuwa imeficha boliti moja tu.

"Bwana, sasa njo nimejua," alisema. "Nitafunga waya hapa, taa ya kioo itawaka, na mi nitazimika."

"Kioo inapasukaka," alijibu Bwana Pascoe. "Weye hapana. Leta chitupa."

Akaandika papo hapo, kwa kalamu nzuri.

Kesho yake, siku isiyo na safari, Rodwell alikaa nyumbani na mkewe Idah, mzaliwa wa Kasenga. Giza lilikuwa limeingia, lakini Bwana Pascoe alipenda kuijaribu swichi kabla ya chakula cha jioni, na saa hiyo Idah huwa ameshatandaza nyavu za kushona. Rodwell akawaka. Akafungua chitupa chini ya pua yake.

"Soma basi, Bashi Chilufya," alisema Idah, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Kazi: taa ya mbele, ya kulia. Tabia: nzuri."

Idah alivuta uzi, akafikiri. "Kule Kitwe ulikaaka nyuma ya muzungu," alisema. "Sasa uko mbele."

Rodwell alicheka, kwa aibu, maana wazo hilohilo lilikuwa limemjia juu ya madigadi, na lilimfurahisha kidogo. Akasogeza kitabu atazame kama Bwana ametia sahihi, lakini kule kibandani swichi ilizimwa. Idah aliweka sindano mapajani. Wakakaa gizani, mume na mke, wakimngoja Bwana Pascoe aiguse swichi tena.